Kinanda chenye umbo la gitaa: historia fupi kwa anayetaka kununua

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumze muziki. Usiwe na wasiwasi, kompyuta zitaingia kabla hatujafika mbali.

Tuanze na neno moja. Ukimtajia Mkenya wa leo kinanda, anaona vitufe vyeupe na vyeusi, kile kinachochezwa kanisani Jumapili. Fungua kamusi za zamani za Kiswahili na utakuta maana nyingine: kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi, iliyopigwa na watu wa pwani. Baadaye jina hilo likapewa ogani, piano, hata gramafoni. Vitufe vikalichukua jina, nyuzi zikabaki bila.

Kwenye muziki wa umeme mambo yalikwenda vivyo hivyo. Sinthesaiza ilipozaliwa ingeweza kuchezwa kwa njia yoyote, ila ikaozwa kwa vitufe vya piano, na mpiga gitaa akabaki mlangoni. Tangu miaka ya 1970 wahandisi wamekuwa wakimtengenezea mlango wake: kidhibiti chenye umbo la gitaa. Kidhibiti, kwa asiyelijua neno hili, ni ala ambayo yenyewe haina sauti. Kazi yake ni kutambua umecheza noti gani, kisha kuipa sinthesaiza amri ya kuitoa.

Nimeifuatilia historia hii kwa sababu ya swali la pesa, na nilichokipata ni hiki: usichague kwa kuangalia chapa wala umbo. Uliza kifaa kinaijuaje noti. Kwa karibu miaka 50 vifaa hivi vimefaulu au kuanguka hapo hapo.

Swali la pesa lilitoka wapi

Mimi ni wa Keroka, ule mji wa barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, ambao upande mmoja uko Kaunti ya Kisii na upande mwingine Kaunti ya Nyamira. Mjomba wangu hupiga gitaa la solo. Zamani bendi yao ya watu watano ilikuwa ikiitwa harusini na kwenye harambee karibu kila mwezi. Siku hizi mwenye harusi humwita mtu mmoja na kinanda. Ngoma zinatoka kwenye kitufe, besi inatoka kwenye kitufe, tarumbeta nazo zinatoka kwenye kitufe. Mtu mmoja, nauli moja, sahani moja ya chakula.

Mjomba hajapungukiwa na ufundi. Kilichopungua ni mialiko. Bonasi ya majani chai ilipoingia aliniuliza, "Mpwa wangu, wewe umesomea hizi kompyuta. Hakuna kitu cha kunifanya nitoe sauti za kile kinanda bila kuanza kufundisha vidole upya?"

Kufundisha vidole upya si jambo dogo, kwa sababu mikono ile ina historia ndefu. Abagusii wana obokano, ala kubwa ya nyuzi nane yenye bakuli la mbao lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito ya kunguruma. Majirani zetu Wajaluo wana nyatiti, nayo ni ya nyuzi nane. Gitaa lilienea Kenya kwa kasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Fundi Konde wa pwani, mmoja wa wapiga gitaa wa kwanza kupata jina nchini, aliwatumbuiza wanajeshi wa KAR wakati wa vita hivyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Katanga, na ule mtindo wake wa kupiga kwa vidole ukasikika hadi Nairobi na magharibi mwa Kenya. Kisha wanamuziki wa Kijaluo wakahamishia mwendo wa nyatiti kwenye gitaa la umeme, tukapata benga. D. O. Misiani na Shirati Jazz waliieneza, na huku kwetu akina Christopher Monyoncho wakaiimba kwa Ekegusii.

Kwa hiyo solo ya benga ni kumbukumbu ya ala ya nyuzi iliyopita kwenye mikono ya vizazi kadhaa. Ukimwambia mtu huyo ahamie vitufe, unamwambia aiache kumbukumbu hiyo mlangoni.

Kuna waliotatua shida kama hii kwa njia nyingine. Kaskazini mwa Uganda, miaka ya mwanzo ya 2000, muziki wa harusi wa Waacholi ulianza kutengenezwa kwenye kompyuta, kwa sababu kuita bendi nzima kulikuwa ghali. Leo Palayeng na mwimbaji Otim Alpha ni kati ya waanzilishi, na mwaka 2017 albamu ya Otim Alpha, Gulu City Anthems, ilitolewa na Nyege Nyege Tapes. Ni muziki mtamu sana. Lakini kupanga noti kwenye skrini ni kazi ya mtayarishaji. Mjomba aliuliza habari za mikono.

Kwa nini vitufe vilishinda

Mwaka 1964 Robert Moog alitengeneza sinthesaiza yake ya mfano huko New York. Wakati huo huo, upande wa pili wa Marekani, Don Buchla alikuwa akitengeneza ya kwake huko California. Moog alikubali vitufe vya piano. Buchla alivikataa, akaweka vibao vya kugusa, kwa hoja kwamba ala mpya haina haja ya kurithi mazoea ya piano. Wanunuzi walimfuata Moog, na Minimoog ya 1970 ikafunga mjadala.

Sisi waandika programu tunaelewa haraka kwa nini. Kitufe ni swichi. Kimebonyezwa au hakijabonyezwa, na kila kimoja kina namba yake. Kwenye mashine za Moog kila kitufe kilitoa kiasi chake cha umeme, volti moja kwa kila oktava, na sinthesaiza haikuwa na la kukisia.

Uzi wa gitaa haufanyi hivyo. Uzi hauna namba. Unatikisika tu, na mtikisiko wake una noti yenyewe, mwangwi wa nyuzi jirani, kelele ya ukucha na mkwaruzo wa kidole kinapoteleza. Mashine lazima isikilize vurugu hiyo yote kisha iseme, "Hii ni La." Hapo ndipo taabu yote ilipo.

Njia ya kwanza: kuusikiliza uzi

Mwaka 1977 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa GR-500, sinthesaiza iliyokuja na gitaa lake maalumu. Mwaka huo huo ARP ya Marekani ilitoa Avatar, ambayo kwa kweli ilikuwa sinthesaiza yao ya Odyssey iliyoondolewa vitufe. Zote mbili zilitumia pikapu ya vipande sita. (Pikapu hapa si ile ya kubebea ndizi. Ni sumaku inayokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko kuwa umeme.) Gitaa la kawaida huchanganya nyuzi zote kwenye waya mmoja. Pikapu ya vipande sita huupa kila uzi njia yake, ili mashine isichanganyikiwe.

Avatar haikuuzika kama ARP walivyotarajia, na pesa zilizomezwa na mradi huo ni moja ya sababu zinazotajwa za kampuni hiyo kuanguka mwaka 1981. Kosa lake kubwa lilikuwa kuusikia uzi vibaya: noti zilichelewa, nyingine zilitoka ambazo mpigaji hakuzikusudia.

Ngoja tupige hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo moyo wa makala hii. Uzi mnene wa gitaa, ule wa Mi ya chini, hutikisika mara 82.4 kwa sekunde. Mtikisiko mmoja kamili unachukua milisekunde 12. Hakuna mashine inayoweza kulijua jina la noti kwa uhakika kabla ya kuuona angalau mtikisiko mmoja, na kwa kawaida inahitaji miwili ili isikosee. Hizo ni milisekunde 24 kabla hata ya kuanza kazi. Uzi mwembamba hutikisika mara 329.6 kwa sekunde, hivyo mitikisiko miwili inachukua milisekunde 6 tu. Ukipanda hadi freti ya 12 kwenye uzi huo, inakuwa milisekunde 3.

Umeona? Ucheleweshaji huu hautokani na uzembe wa fundi wala na kichakataji dhaifu. Unatokana na uzi wenyewe. Leta kompyuta yenye nguvu kiasi gani, bado itaungoja uzi utikisike.

Milisekunde 24 ni nyingi? Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita 3.4 kutoka kwenye spika, jambo ambalo kila mpiga gitaa amelizoea. Milisekunde 24 ni kama mita 8, yaani wewe uko katikati ya hema na spika iko mlangoni. Inavumilika kwenye noti ndefu, inakera kwenye mwendo wa haraka.

Mwaka 1980 Roland walitoa GR-300, na humo walifanya jambo la busara sana. Badala ya kulitafuta jina la noti, waliuacha mtikisiko wa kila uzi uendeshe saketi ya sauti moja kwa moja. Mashine haikujua kama umepiga La au Do, na haikuhitaji kujua. Kwa hiyo haikuwa na cha kungojea. Pat Metheny aliitumia kwenye albamu ya Offramp ya 1982, kwenye wimbo "Are You Going with Me?", na ile sauti kama tarumbeta ikawa alama yake. Liweke kichwani jambo hili, tutalirudia wakati wa kununua.

MIDI inaingia

Mwaka 1983 kampuni zilizoshindana zilikubaliana lugha moja ya vyombo kuzungumza, MIDI. Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Sequential Circuits ndio waliosukuma mbele mapatano hayo. Ukitaka kuona mfano wa kiwango huria kilichodumu, huu hapa: kifaa cha 1983 chenye tundu la pini tano kinaweza kuzungumza na cha leo.

Lakini MIDI ilibuniwa na watu waliofikiria vitufe. Amri yake kuu inasema: noti namba fulani, imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani. Sasa noti lazima iwe na jina. Ule ujanja wa GR-300 haukuweza kupita kwenye waya huo. Roland walitoa GR-700 mwaka 1984, yenye uwezo wa kutuma MIDI, na wapiga gitaa wengi wakalalamika kwamba imekuwa nzito kuliko iliyoitangulia. Teknolojia ilisonga mbele, mpigaji akahisi amerudishwa nyuma.

Shida ya pili ilikuwa kuvuta uzi. Mpiga gitaa huvuta uzi mmoja ili noti ipande huku nyuzi nyingine zimetulia. Kwenye MIDI amri ya kupandisha noti huathiri chaneli nzima, hivyo ukivuta uzi mmoja zote zinapanda. Dawa ilikuwa kuupa kila uzi chaneli yake, chaneli sita kwa nyuzi sita. Utaratibu huo uliitwa Mode 4. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mwaka 2018, wazo la kila noti kuwa na chaneli yake lilipitishwa rasmi kwa jina la MPE, na watu wa vitufe wakalipokea kama jambo jipya. Wapiga gitaa walikuwa wamelihitaji tangu zamani.

Njia ya pili: kukitazama kidole

Kama uzi unachelewa kusema, kwa nini tuusikilize? Tukiangalia kidole kimegusa freti ipi, tutalijua jina la noti hata kabla uzi haujapigwa. Hilo ndilo wazo la pili.

Mfano mashuhuri ni SynthAxe ya Uingereza, ya katikati ya miaka ya 1980. Freti zake zilipitishwa umeme, hivyo uzi ukigusa freti, saketi inafungwa na namba inajulikana papo hapo. Ilikuwa na nyuzi za aina mbili: nyingine za shingoni kwa mkono wa kushoto, nyingine fupi kwa mkono wa kulia. Bei yake ilikuwa karibu paundi 10,000, na zilizotengenezwa hazikufika 100. Allan Holdsworth aliipenda, akaipiga kwenye albamu ya Atavachron ya 1986 na nyingine zilizofuata. Kama chombo ilifanya kazi, kama biashara haikuishi.

Casio walikwenda upande wa pili kabisa. DG-20 ya mwaka 1987 ilikuwa ya plastiki, yenye nyuzi sita za nailoni na vibonyezo vya mpira badala ya freti. Wengi waliiona kama kitu cha watoto, lakini ilikuwa na tundu la MIDI na haikuhitaji kutuniwa hata siku moja. Yamaha nao mwaka 1988 walitoa G10, iliyopima mahali pa kidole kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio. Baadaye Starr Labs ya Marekani ikatengeneza Ztar, yenye vitufe vidogo kila mahali pa freti.

Kisha mambo yakaja kutoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia: michezo ya video. Guitar Hero ya 2005 ilitumia gitaa la plastiki lenye vitufe vitano vya rangi. Mwaka 2010 mchezo wa Rock Band 3 ukaja na gitaa la Mad Catz lenye jina la Fender Mustang: freti 17 kwa nyuzi 6, yaani vitufe 102, nyuzi fupi za kupigwa kwa mkono wa kulia, na tundu la MIDI la pini tano. Mchezo ulipitwa na wakati, gitaa likabaki. Wanamuziki wasio na pesa nyingi wamekuwa wakilitafuta kwenye mitumba, kwa sababu linafanya kazi ileile ya SynthAxe kwa namna ya kimaskini, tena kwa betri.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kitufe kinabaki kitufe. Huwezi kuvuta uzi kwa kidole kama ulivyozoea, na kapo haina maana hapo, ingawa kwa kawaida unaweza kupandisha ufunguo kwa kubonyeza. Mkono wa kushoto utaona tofauti siku ya kwanza.

Kuna na jamaa wa tatu, vitufe vya piano vinavyovaliwa begani, kama vile Moog Liberation ya 1980. Ni vizuri kwa mpiga kinanda anayetaka kusimama mbele ya watu. Mpiga gitaa havimsaidii, kwa sababu ni umbo tu lililobadilika, vidole ni vilevile vya piano.

Kompyuta yachukua kazi

Miaka ya 2010 njia ya kuusikiliza uzi ilipata nguvu mpya kwa sababu kompyuta za kawaida zilikuwa na uwezo wa kutosha. Fishman walitoa TriplePlay, pikapu ya vipande sita isiyo na waya inayoingia kwenye kompyuta kwa USB. Jam Origin ya Denmaki ilifanya la kushangaza zaidi: programu inayosikiliza gitaa lolote la umeme, kwa waya wake wa kawaida, na kuzitenganisha noti zilizochanganyika. Pikapu maalumu haihitajiki. Kilichokuwa kazi ya sumaku sita kimekuwa kazi ya hesabu.

Hata ule ujanja wa GR-300 ulirudi. Mwaka 2015 BOSS, kampuni iliyo chini ya Roland, walitoa SY-300, inayochukua sauti ya gitaa la kawaida na kuigeuza kuwa ya sinthesaiza bila kulitafuta jina la noti.

Upande wa waya, angalia jambo hili. GR-700 ilitumia kebo ya pini 24. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Roland wakahamia pini 13. Mwaka 2023 wakaja na GK-5, ya kidijitali, yenye kebo nyingine tena. Kwa Keroka hili si jambo dogo. Kebo ya kawaida ya gitaa nitaipata Kisii mjini kabla ya saa sita mchana, na ikikatika fundi wa redio ataichomelea. Ya pini 13 ikikatika usiku wa kuamkia harusi, umekwisha.

Sasa, ununue nini?

Nilimwambia mjomba ajibu maswali matatu kwa mpangilio huu. Nakupa na wewe.

La kwanza: unataka sauti, au unataka noti? Kama haja yako ni gitaa litoe sauti ya tarumbeta au ogani jukwaani, huhitaji MIDI. Chukua pedali ya jamii ya SY-300, ile isiyolitafuta jina la noti. Hutangoja kitu, utavuta uzi upendavyo, na waya ni wa kawaida. Lakini kama unataka kucheza ngoma, piano na fidla zilizomo ndani ya kompyuta, au kurekodi noti uzirekebishe baadaye, basi unahitaji noti, na swali la pili linakuhusu.

La pili: unapiga sehemu gani? Solo ya benga hukaa juu, kwenye nyuzi nyembamba, ambako mitikisiko miwili haifiki milisekunde 6. Kwa hiyo mpiga solo anaweza kutumia kifaa kinachosikiliza uzi bila taabu kubwa. Mpiga besi hesabu zake ni mbaya. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41.2 kwa sekunde, na mitikisiko miwili ni milisekunde 49. Kwenye mwendo wa mapigo 130 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 115. Umepoteza karibu nusu yake, na besi ya benga ikichelewa hivyo watu wataacha kucheza. Mpiga besi achukue kifaa kinachotazama kidole. Au atumie ujanja: apige sehemu yake kwenye nyuzi nyembamba za gitaa la kawaida, na programu ishushe kila noti oktava mbili. Uzi unajibu haraka, sauti inatoka nene.

La tatu: kikiharibika, nani atakitengeneza? Waya wa kawaida, USB, na MIDI ya pini tano ni salama. Chochote chenye kebo ya kampuni moja, nunua na kebo ya akiba siku hiyo hiyo.

Kwa mjomba, ambaye tayari ana gitaa la umeme, jibu lilikuwa kuanza na programu kabla ya chuma. Tulitumia kompyuta yangu ya mkononi, kisanduku cha USB cha kuingizia sauti, na programu ya majaribio. Kumbuka kwamba kompyuta nayo ina ucheleweshaji wake. Ukiweka bafa ya sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, unaongeza karibu milisekunde 3 kuingia na nyingine 3 kutoka. Ukiiacha kwenye 1024, ni milisekunde 23 kila upande, kisha utailaumu programu bure. Kwenye Windows tumia dereva ya ASIO. Kama kisanduku hakina yake, ASIO4ALL hupatikana bure.

Solo ilikubali jioni ya kwanza. Zilitokea noti chache za kizimwi pale kidole kilipoteleza, na tukazipunguza kwa kufunga kitambaa cha nywele karibu na kichwa cha gitaa ili nyuzi zisizotumika zinyamaze. Nusu ya bonasi ilibaki benki. Bado hajaitwa kwenye harusi mpya, na sitakudanganya kwamba programu inaleta mialiko. Ila sasa anaweza kwenda peke yake na kompyuta ikampigia ngoma na besi, huku tarumbeta zikitoka kwenye nyuzi anazozijua.

Majaribio matano kabla ya kulipa

Ukifika dukani, iwe Kisii au River Road kule Nairobi, beba vipokea sauti vyako vya masikioni na ufanye haya:

1. Piga uzi mnene zaidi, noti moja moja, kwa sauti ya piano. Piano haifichi ucheleweshaji. Sauti laini za fidla huuficha, na muuzaji anajua hivyo.

2. Piga haraka kwenye uzi mwembamba, noti nane au zaidi mfululizo. Hesabu ngapi zimetoka.

3. Vuta uzi mmoja huku mwingine unalia. Zikipanda zote mbili, uliza kama kifaa kinaweza kutuma kila uzi kwenye chaneli yake. Kama hakiwezi, kiache.

4. Gusa nyuzi zote kwa kiganja kuzizima. Noti isiyonyamaza leo haitanyamaza mbele ya watu 500.

5. Chomoa kebo, uitazame, ujiulize kama umewahi kuiona Keroka.

Kisichopita la kwanza na la tatu, hata kiwe na jina kubwa namna gani, rudisha pesa mfukoni. Makala ijayo nitaeleza jinsi ya kuandika programu ndogo ya kupima ucheleweshaji huo wote kwa kutumia maikrofoni ya kompyuta, ili usitegemee sikio peke yake.